Nyumba ya Sitara: Mwongozo wa Kujenga Kimbilio la Wanawake kwa Kufuata Hekima ya Maumbile

Wewe uliyekabidhiwa kiwanja, na fedha zisizotosha, na jukumu la kuwajengea nyumba salama wanawake na watoto waliokimbia mapigo, ndoa za kulazimishwa au ukeketaji, aghalabu utakuwa umekwisha kuletewa ile ramani moja ambayo wakandarasi wetu huitoa kwa kila haja, iwe ya shule, ya zahanati au ya kambi ya askari: banda refu la matofali ya saruji, ujia mwembamba katikati, vyumba vinavyotazamana huku na huku, nondo katika kila dirisha, na ukuta uliopandwa vigae vya chupa juu yake. Ramani hiyo ni nyepesi kuijenga na nyepesi kuilinda, walakini ina ila moja iliyo kubwa kuliko fadhila zake zote, nayo ni kwamba nyumba hiyo yaweza kugeuzwa jela pasi na kubadilishwa hata bawaba moja ya mlango. Mwanamke aliyefungiwa na mumewe kwa miaka hastahili kupokewa kwa kufuli jingine, hata ikiwa ufunguo wake umo katika mkono wa mtu mwema.

Madhumuni ya mwongozo huu, basi, ni kukuonyesha namna ya kujenga nyumba inayositiri bila ya kufunga. Na kwa kuwa viumbe wasio na kalamu wala rula wamekuwa wakijenga nyumba za namna hiyo tangu kale, kwao ndiko tutakakokwenda kuazima maarifa. Natanguliza sharti moja. Wapo wasanifu majengo ambao, wakisikia habari ya kufuata maumbile, hukimbilia maumbo: hujenga paa mfano wa jani la mgomba, au ukumbi mfano wa kombe la pwani, kisha watu wakaungua kwa joto ndani yake. Hayo ni mapambo, na mapambo yana mahali pake. Bali kinachoazimwa kwa kiumbe ni ile njia aliyoitatulia shida yake, si sura yake.

Mtazame ndege aitwaye mnana, ambaye vijiji vyake huning'inia katika minazi na mikwaju karibu na makazi ya watu. Dume hufuma kiota kwa nyuzi za majani, akauelekeza mlango wake chini, hata anayekuja hana budi kutokea chini, na aliye ndani hupata habari yake kabla hajafika. Na akisha kumaliza hujining'iniza hapo mlangoni, akipiga mbawa kumwita jike. Jike naye haji kwa kushukuru. Huingia, akakagua, akazivuta nyuzi kwa mdomo kujaribu uthabiti wake, na asiporidhika huenda zake. Na kiota kilichokataliwa dume hukifumua kwa mdomo wake mwenyewe, akaanza kingine. Sijui kamati ngapi za ujenzi zina unyenyekevu wa ndege huyu, lakini amali yake ndiyo kazi yako ya kwanza. Kabla fundi hajachimba msingi, waite wanawake waliowahi kulala katika nyumba kama hiyo unayotaka kuijenga, uwalipe ujira wa siku yao kama unavyomlipa msanifu, kisha uichore ramani yote juu ya ardhi ya kiwanja kwa majivu na vigingi, kwa vipimo vyake kamili, uwaache watembee ndani yake. Ramani ya karatasi huonekana njema machoni pa kila mtu, lakini mama akisimama penye mstari wa majivu akakuuliza, "Na huyu mwanangu akiamka usiku kwenda chooni, atapita gizani umbali wote huu?", utakuwa umeokoa gharama ya kuvunja ukuta uliokwisha kusimama.

Baada ya hapo shughulika na mlango, kwa maana katika nyumba ya hifadhi mlango ni nusu ya kazi. Mwanazuoni Mwingereza Jay Appleton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 juu ya namna wanadamu wanavyoziona nchi zao, alieleza ya kwamba roho ya mtu hutulia mahali anapoweza kuona bila ya yeye kuonekana. Na jambo hilo, ambalo mnana analijua bila ya kulisoma, wazee wetu wa mwambao walilijua pia wakaliandika kwa mawe na chokaa. Ukienda Lamu ukaingia nyumba ya kale, hutokei barabarani ukajikuta katikati ya familia ya watu: hupokewa kwanza na daka lenye mabaraza, ambapo mgeni huketi na shughuli yake ikaisha, kisha njia hupinda, hata macho ya mpita njia yakagota ukutani, kisha ndipo kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu, na misana, yaani kumbi ndefu, inayofuatana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja wa faragha zaidi kuliko uliotangulia, mpaka ndani kabisa. Nyumba ile ina daraja za sitara, na kila mtu hukoma katika daraja yake. Ni kweli kwamba faragha hiyo mara nyingine ilitumika kumzuia mwanamke asitoke, na si kusudi langu kuipamba. Lakini mpangilio wenyewe, ukiwekwa chini ya amri ya mwanamke badala ya amri juu yake, ni hazina ambayo hatuna haja ya kuifuata ng'ambo.

Kwa hiyo jenga daka. Afisa wa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, jamaa mwenye ruhusa ya kuonana na dada yake, mleta mkaa na mleta samaki, wote hao waishie hapo, penye viti, maji ya kunywa na choo chao wenyewe, wasiwe na sababu ya kupita mbele. Baada ya daka njia ipinde, na baada ya pindo uwe mlango wa pili. Chumba cha mama mlezi wa zamu kiwe na dirisha dogo linalolitazama daka kwa upande, ili amwone ajaye kabla ya kufungua. Tena, pawepo njia nyingine ya kutokea upande wa nyuma, inayojulikana na kila anayelala humo na isiyojazwa magunia wala vitanda vibovu, kwa kuwa kiumbe mwenye tundu lenye mlango mmoja huvuliwa kwa urahisi, na moto nao haubishi hodi.

Komeo la mlango wa chumba lastahili aya yake. Anayefika saa nane ya usiku, miguu mitupu, mtoto mgongoni na mwingine kashika upindo wa kanga, hataangalia dari lako wala rangi ya kuta zako. Ataangalia kama mlango unafungika. Weka komeo zito la chuma, linaloteleza bila ya kukwaruza, kwa upande wa ndani, katika urefu ambao mkono wa mama huufikia akiwa amekaa kitandani ikiwa kitanda ki karibu, lakini mtoto wa miaka mitatu haufikii. Mama mlezi awe na njia ya kulifungua kutoka nje kwa dharura, na mwenye chumba aambiwe hivyo usiku ule ule wa kwanza, kwa maneno ya wazi, asije akaligundua siku nyingine akadhani amehadaiwa. Karibu na kitanda chonga kidaka ukutani, mfano wa vile vya nyumba za kale, chenye nafasi ya taa, dawa, simu na msahafu au Biblia; na swichi ya taa iwe hapo hapo. Kumkabidhi mtu giza na mwanga wa chumba chake mwenyewe ni jambo dogo kwa fundi wa umeme, lakini kwa mtu ambaye kwa miaka aliamuliwa hata saa ya kulala, si dogo.

Sasa hewa. Katika habari hii watu wa majengo hupenda kutaja kichuguu, na jengo la Eastgate lililoko Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce kwa kuazima njia ya kichuguu hicho na kumalizika mwaka 1996, ambalo linapoozwa bila ya mitambo ya kawaida ya ubaridi: hewa baridi ya usiku hupitishwa katika zege nene la sakafu, ikalipoza, na mchana ubaridi ule ukatolewa vyumbani huku hewa ya joto ikipanda kwa mabomba marefu mpaka juu ya paa. Ni kazi ya kusifiwa, na ukijenga Arusha, Iringa, Nakuru au mahali pengine penye usiku wa baridi, kuta nene za udongo na madirisha yanayofunguliwa usiku zitakufaa sana. Lakini ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, tahadhari! Huko usiku haupoi sana, na unyevu haupungui. Ukuta mnene uliokunywa jua mchana kutwa utaurudisha moto wake saa ile watoto wanapotafuta usingizi. Mwambao hauokolewi na unene bali na upepo, na upepo wetu una majina na majira: kaskazi huvuma toka Disemba hata Machi, kusi hutawala katikati ya mwaka. Nyumba ya pwani na ilale kwa urefu wake toka mashariki kwenda magharibi, ili kuta zake ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa kuwa katika nchi zilizo jirani na ikweta jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma ubavu wa nyumba, na kuta za mashariki na magharibi zikiwa fupi na butu huathirika kidogo. Kila chumba kipate matundu pande mbili, la kuingilia upepo na la kutokea, la pili likiwa juu zaidi. Upenu wa paa utoke mita moja au zaidi, na chini ya bati pawe na dari yenye nafasi ya hewa kupita.

Hapa ndipo tatizo la nondo za madirisha linapotatuliwa. Badala ya fito za chuma zilizosimama kama za selo, jenga sehemu ya juu ya ukuta kwa matofali ya matundu, au uweke kimia cha mbao ngumu kilichofumwa kwa nafasi ndogo. Aliye ndani, akiwa katika kivuli, ataona nje, na aliye nje katika mwanga mkali hataona ndani, na upepo utapita usiku na mchana bila ya dirisha kufunguliwa. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka, aliye nje ndiye aonaye, basi usisahau pazia zito. Mfano wa kuta za namna hii upo Kayonza, nchini Rwanda, katika kituo cha wanawake kilichosanifiwa na Sharon Davis na kufunguliwa mwaka 2013. Hicho si kimbilio bali ni mahali pa mafunzo na biashara, lakini kimejengwa kwa majumba madogo ya mviringo yaliyokusanyika kama kijiji, kwa kuta za matofali yaliyoachiwa matundu. Na matofali yale waliyafyatua wanawake wa pale pale kwa mikono yao. Katika mradi wako pia panga kazi na ujira kwa wanawake wa mahali hapo, ila wasiwe wale wanaojificha, maana fundi na kibarua huzungumza.

Juu ya vifaa, nitasema machache. Tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, likatiwa saruji kidogo na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa badala ya kuchomwa kwa kuni, linafaa karibu kila mahali na halimalizi misitu. Mianzi ni mizuri ikiwa imetiwa dawa ya kuzuia dumuzi na imeinuliwa juu ya sakafu, mbali na mchwa na mvua. Kuhusu makuti, ambayo kila mwenye kupenda maumbile atakushawishi uyaezeke, nakataa: ni baridi, ni mazuri, na njiti moja ya kiberiti iliyorushwa na mume mwenye hasira juu ya ukuta yatosha kuyateketeza na walio chini yake. Yaezeke kwenye kibanda cha kupumzikia bustanini, penye nafasi pande zote, na usiyaweke kamwe juu ya mahali pa kulala.

Bustani si pambo la mwisho litakalofikiriwa fedha zikibaki. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, nchini Marekani, waliopasuliwa kuondolewa mfuko wa nyongo: wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda makwao mapema kidogo, na wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache, kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Wagonjwa wale walikuwa 46 tu, na mapigo ya mume si nyongo, kwa hiyo tusiubebeshe uchunguzi huo mzigo usioubeba. Walakini haigharimu kitu kuupanga uwanja wa ndani hata kila kitanda kikawa na mti wa kutazama.

Panda mwarobaini kwa kivuli, asumini na mrehani karibu na madirisha, mchaichai karibu na jiko, na mboga ambazo mwenye hamu ya kushughulisha mikono atazipalilia bila ya kuamrishwa. Mwembe upende lakini uuweke mbali na ukuta, mita tano au zaidi, kwa kuwa tawi lake ni ngazi ya atokaye na ya aingiaye. Mnazi usiwe juu ya mahali pa kuchezea watoto. Mnyaa, ambao bara huitwa manyara na hupandwa sana kuwa ua, uuache kabisa, kwani utomvu wake huunguza macho vibaya. Ukitaka boma la miiba panda michongoma kwa upande wa nje wa ukuta. Wanawake wa Kisamburu waliokianzisha kijiji cha Umoja huko Kenya mwaka 1990, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walijizungushia ua wa miiba, na boma la namna hiyo, kwa mpita njia, ni boma kama maboma mengine ya nchi. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: ukuta wa mita tatu wenye seng'enge hutangaza kwamba kuna kitu kinachofichwa, ilhali ua wa miiba haumtangazii mtu lolote.

Maji nayo yana kazi tatu. Ya kwanza ni kunywa na kuoga bila ya kutoka nje ya lango, na hesabu yake si ngumu: kila milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita mraba 150, mahali panaponyesha milimita 1000 kwa mwaka, hupokea lita 150,000, toa moja kwa tano kwa kumwagika na kukauka, zikabaki 120,000, ambazo watu 20 wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku zitawatosha siku 150. Jenga birika la chini ya ardhi lenye mfuniko wa kufungwa. Kazi ya pili ni kupooza uwanja. Ya tatu hufikiriwa na wachache: maji yanayotiririka hufunika sauti. Kibanda cha mazungumzo kati ya mshauri na mama mwenye habari nzito kiweke kando ya mfereji mdogo au bomba linalodondokea jiwe, na wapitao hawatasikia neno. Lakini maji yaende. Yakituama yatazaa mbu, na malaria haina heshima kwa nia njema. Ukipenda bwawa, tia samaki walao viluwiluwi.

Mengine nayataja kwa mkato. Kila mama na wanawe wawe na chumba chao, na walau vyumba viwili viwe na milango yake upande wa nje wa msana, kwa ajili ya mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka 14 au 15, ambaye nyumba nyingi humkataa na hivyo humlazimisha mama achague kati ya usalama wake na mwanawe. Jiko liwe kubwa, na wakaaji wawe na haki ya kupika wapendacho. Pembe zenye giza usiziache. Ujia mrefu usio na mwanga mwisho wake uukatae hata ukiambiwa ni nafuu. Chumba kimoja cha chini kiwe na mlango mpana na choo cha kiti, kwa mlemavu, mzee, au aliyevunjwa mguu. Na kanuni ya kuzima kionyesha-mahali cha simu iwe miongoni mwa mambo ya daka, kwa kuwa ukuta hauwezi kumficha mtu ambaye mfuko wake unamtangaza.

Kisha, kabla hujamlipa mkandarasi malipo ya mwisho, tenga fungu la mshahara wa mtunza bustani na wa fundi wa makufuli kwa miaka mitatu, kwa sababu bustani iliyokufa na komeo lililokwama huharibu yote yaliyotangulia. Wafadhili kwa desturi hupenda kibao kikubwa barabarani chenye jina la mradi, mshale na nembo zao. Waeleze kwa adabu kwamba nyumba hii haina kibao wala haitapigwa picha kutoka nje, na kwamba majina yao yatapigiliwa ukumbini kwa heshima, mahali yatakaposomwa na waliohifadhiwa. Na mfadhili atakayeshikilia kibao chake barabarani, mshukuru, kisha utafute mwingine.